Re: Mawaridi yamerefuka ila hayatoi maua

Mkuu, kama uko Arusha usifuate zile video za Ulaya za kusubiri winta iishe, huku kwetu we pogoa mwishoni mwa Februari kabla masika hayajaanza. Toa kwanza matawi makavu na yanayosuguana katikati, acha matano hivi yenye afya, hayo sasa yafupishe hadi kama nusu ya urefu wake, na kila tawi likate mshazari juu kidogo ya jicho (pale chipukizi linapotokea) linaloangalia nje ili kichaka kifunguke hewa ipite, ukungu unapenda sana majani yaliyobanana. Mkasi uwe mkali, ufute na spiriti, panga hapana jamani! Kisha weka mbolea na maji, subiri maua wiki sita mpaka nane hivi.