Mwenye Mashua Aitwe

Mwanangu,

Umeniuliza kama nafsi ipo kweli, au "mimi" ni jina tu la mawazo yanayopita. Huyo mwanafalsafa David Hume unayemsoma aliandika hivyo mwaka wa 1739: kila akijichungulia hukuta joto, baridi, upendo au chuki, mwenyewe hamkuti. Mimi swali lako limenirudisha kwa babu yako.

Mashua yake ya Dunga unaijua. Ubao unaogusa mkuku, ule uti wa chini wa mashua, ndio huoza kwanza, kwa kuwa maji hutuama pale. Unang'olewa, mwingine wa mvule unakatwa kwa kipimo cha ule wa zamani, kisha ufa unatiwa kalafati: pamba inasokotwa, inashindiliwa kwa patasi butu na nyundo. Ukiilegeza, maji yanapenya. Ukiikaza mno mbao zikiwa kavu, zikilowa zinavimba, zinasukumana, misumari inang'oka. Mbao karibu zote zilishabadilishwa na hakuna aliyesema ni mashua nyingine.

John Locke, mwanafalsafa mwingine, angesema mtu si mashua: kinachomfanya awe yuleyule ni kumbukumbu. Hapo nakataa. Mikono nayo inakumbuka. Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka wa 1953 akawa hawezi kushika jambo jipya, alipewa nyota aichore huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Siku ya tatu alichora vizuri, naye hakumbuki kuwahi kujaribu.

Babu yako mwaka ule wa mwisho alishasahau hata jina la nyanya yako. Tukampa nyundo. Akapitisha kidole kwenye ufa, polepole, akakunja uso, akaing'oa pamba yote aliyoweka fundi kijana, akaanza upya. Kisha akauliza, "Hii mashua ya nani?" Yako, baba. "Basi mwiteni mwenyewe aje aone."

Bado inaniuma. Mwenyewe si ndiye alikuwa ameshika nyundo? Mikono nayo inakumbuka, mwanangu. Lakini mazoea peke yake si mtu. Hata punda anajua njia ya nyumbani. Ila punda hakasirishwi na kazi mbovu, na babu yako alikasirika. Hume angeniambia palikuwa na hasira tu, bila mwenye hasira. Nataka sana kusema amekosea, na hoja ya kumwangusha sijaipata. Ungekiona kile kidole juu ya ufa, ungenisaidia kuitafuta.

Baba yako