Tuandike yote kwanza, au tujenge kidogo kidogo?

SWALI: Mwalimu, mimi na mwenzangu tunaunda programu ya chama cha akina mama wauza samaki hapa Dunga, Kisumu. Yeye anataka mahitaji yote yaandikwe na kutiwa sahihi kabla ya kuanza. Mimi nataka tuunde kipande, wakijaribu, turekebishe. – Msomaji, Nyalenda

JIBU: Niko upande wako, lakini si kwa kila kitu. Mwenzako asidhani wazee wa kazi hii ya programu wanamuunga mkono. Winston Royce, mtaalamu wa programu wa Marekani ambaye makala yake ya 1970 hutajwa kuwa chanzo cha mtindo wa mwenzako, wa kumaliza hatua moja ndipo uanze nyingine, alionya humo humo kwamba kufuata hatua hizo bila kurudi nyuma ni hatari, kwani majaribio huja mwisho. Watu walitazama mchoro wa hatua hizo, wakaacha maandishi!

Mwulize mweka hazina anachotaka, atakwambia "daftari kwenye simu". Mpe ukurasa mmoja wa kuingiza michango, na wiki haiishi kabla hajauliza faini ya kuchelewa inaandikwa wapi, au afanyeje na mama aliyelipiwa na dadake. Yeye mwenyewe hayahesabu hayo kuwa mahitaji, kwa hivyo hayangeingia kwenye hati yenu.

Ila riba, na nani anaidhinisha mkopo: hapo fungueni katiba ya chama, mwandike, watie sahihi. Pesa za watu si za kujaribia.

Malipo yenu nayo yawe kwa kila kipande. Ukitaja bei moja ya kazi inayobadilika kila wiki, utafanya kazi ya bure hadi Krismasi.