Kabla hujalipia Mbps zaidi: barua zenu kuhusu gemu zinazokatika

Likizo za shule zikianza, barua zinazonifikia huwa na kilio kimoja: gemu inakatika. Wengi wenu mmeshaambiwa dawa ni kupanda kifurushi. Inaniuma kuona mzazi akiongeza pesa kila mwezi kwa tatizo ambalo pesa hiyo haiwezi kulifikia, kwa hiyo ukurasa wote wa leo ni wa wachezaji na wazazi wao.

Dada Fundi, salamu kutoka Umoja. Nina PS4 ya zamani, ile ya kwanza kabisa, na nacheza eFootball mtandaoni. Mchana mambo shwari. Kuanzia saa mbili usiku mpira unaruka-ruka, wachezaji wanaganda, halafu naandikiwa kwamba mawasiliano na mpinzani yamekatika. Nikiwa ninaongoza inauma sana. YouTube kwenye ruta hiyo hiyo haikwami hata kidogo. Nina Mbps 10, na muuzaji ananisukuma nipande hadi 40. Nilipe? — Mchezaji, Umoja

Usilipe, ndugu yangu. Angalau usilipe kabla hujafanya kipimo nitakachokueleza.

Gemu ya mpira ikishaanza haili data nyingi. Mbps 1, yaani megabiti moja kwa sekunde, inaitosha. Kinachoiharibu ni pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazochelewa au kupotea njiani. YouTube haikwami kwa sababu inapakua mapema sekunde nyingi za video kabla hujazifikia, hivyo pakiti ikichelewa nusu sekunde wewe hujui lolote. Gemu haina akiba ya namna hiyo. Pasi unayopiga sasa lazima ifike sasa. Barabara ya Thika ilipanuliwa ikawa na njia nane, lakini kilomita za kwenda Thika hazikupungua hata moja. Mbps ni hesabu ya njia. Wewe unateswa na muda wa safari, na hasa kuyumba kwa muda huo.

Leo usiku, saa ile ile mambo yanapoharibika, keti na laptopu hapo hapo ilipo PS4, ukiwa kwenye waifai ile ile. Kama ni Windows, fungua dirisha la amri uandike ipconfig. Tafuta mstari wa Default Gateway: hiyo ndiyo anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Kisha andika ping -n 100 na anwani hiyo: amri hii hutuma ujumbe mara 100 na kupima jibu linachukua muda gani kurudi. Kutoka sebuleni hadi kwenye ruta, jibu linapaswa kurudi kwa milisekunde chache tu, moja hadi tano hivi. Ukiona 3, 4, 180, 2, 240, halafu mistari ya "Request timed out", tatizo limo ndani ya nyumba yako na hakuna kifurushi duniani kitakachoingia kulitoa.

Kwa maelezo yako, nadhani hicho ndicho utakachokiona. PS4 ya kwanza, ile iliyotoka 2013, inashika waifai ya gigahezi 2.4 pekee, uwezo wa gigahezi 5 ulikuja na PS4 Slim na PS4 Pro mwaka 2016. Masafa ya 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Nimevuta waya kwenye ghorofa za Umoja, Pipeline na Kayole, na najua hali ilivyo: kila mlango una ruta, na nyingi zimeachwa zilivyotoka dukani. Mchana majirani wako kazini, chaneli ziko wazi. Saa mbili usiku wote wamerudi, wamewasha runinga na simu, na wote wanagombea chaneli zile zile tatu. Ruta yako inanyamaza mara kwa mara ikisubiri zamu ya kusema, na mchezaji wako anaganda uwanjani.

Dawa ni waya. Shuka Luthuli Avenue, Nairobi, ununue waya wa mtandao wa Cat 5e, wa urefu unaotosha, vichwa vikiwa vimeshabanwa, uchomeke upande mmoja kwenye ruta na wa pili nyuma ya PS4. Waya huo hubeba Gbps 1 (Mbps 1,000) hadi mita 100, kwa hiyo usikubali kuuziwa wa bei ghali eti ni "waya wa gemu". Kama waya hauwezekani, basi ingia kwenye ruta uchague chaneli yenye msongamano mdogo kati ya hizo tatu, na kama ruta iko nyuma ya runinga au ndani ya kabati la chuma, itoe. Naona ruta nyingi zikifichwa humo kwa sababu haipendezi sebuleni. Chuma huzuia mawimbi.

Ikiwa ruta inajibu vizuri bila kuyumba, rudia kipimo kile kile kwa anwani ya 1.1.1.1, iliyo nje ya nyumba. Hapa kuna mambo mawili ya kutenganisha. La kwanza ni watu wa nyumbani. Simu nyingi hupakia picha kwenye hifadhi ya mtandaoni zikishika waifai usiku, na laini ikijaa upande wa kupakia, ruta hupanga pakiti zote foleni, pamoja na zako za gemu. Toa simu zote kwenye waifai kwa dakika tano upime tena. Namba zikitulia, zima upakiaji wa picha saa za mechi, au kama ruta yako ina sehemu ya QoS, ipe PS4 kipaumbele. La pili ni laini ya kampuni yenyewe kuelemewa jioni. Namba zikibaki mbovu ilhali nyumbani mko na kifaa kimoja tu, piga picha ya skrini inayoonyesha saa, fanya hivyo jioni kadhaa, uwatumie wahudumu wao. Usiwaandikie "neti ni slow". Waandikie kwamba ruta inajibu kwa milisekunde 2 na 1.1.1.1 inapoteza pakiti kadhaa katika kila 100 kuanzia saa mbili usiku. Malalamiko ya namna hiyo hayajibiwi kwa "zima uwashe tena". Wakikupuuza, Mamlaka ya Mawasiliano Kenya hupokea malalamiko ya wateja, mradi uwe umeanza kwa kampuni yenyewe na una ushahidi.

Jambo la mwisho, kwa kuwa unacheza eFootball: kwenye mechi za ana kwa ana, laini ya mpinzani ina uzito sawa na yako. Unaweza kuwa na waya safi ukapangwa na mtu anayechezea data ya simu ndani ya basi. Gemu hukuonyesha ubora wa mawasiliano kabla ya mechi kuanza. Pau zikiwa chache, mwache, tafuta mwingine.

Habari fundi. Mimi ni mama wa vijana wawili, tunaishi kwenye ploti Kahawa West. Landilodi ana ruta yake chini na kila mpangaji anapewa waya mmoja, nasi tukachomeka ruta yetu. PlayStation inaandika "NAT Type 3". Gemu nyingine zinaingia, lakini wakitaka kuwaalika marafiki au kusikizana sauti, inakataa. Kijana wa mtaani anataka shilingi 2,000 "afungue poti". Nimpe? — Mama wa wawili

Mama, usimpe bado. Poti ni mlango wa ruta unaoruhusu mawasiliano kutoka nje, na kwenu kunaweza kuwa hakuna cha kufungua.

Kila ruta huficha vifaa vya nyumba nyuma ya anwani moja. Huko kuficha ndiko NAT, na Type 3 ndiyo kali zaidi. Nyinyi mna ruta mbili zinazofuatana, kwa hiyo mmefichwa mara mbili. Rafiki wa wanao akituma mwaliko, unafika kwenye ruta ya landilodi, nayo haijui mwaliko huo ni wa mlango upi. Ndiyo maana gemu zinazopitia seva ya kati zinafanya kazi: huko ni konsoli yenu inayoanza kupiga simu. Zinazotaka konsoli mbili zizungumze zenyewe kwa zenyewe ndizo zinazokwama.

Njia ya haraka ni kuibadili ruta yenu iwe ya kusambaza waifai tu. Kwenye mipangilio huitwa Access Point. Hapo inabaki ruta moja tu, ile ya landilodi, na mkimwomba awashe UPnP, inayoiruhusu konsoli iombe ruta poti yenyewe, mara nyingi NAT Type 3 hugeuka kuwa 2. Lakini sikupendekezei hivyo kwenye ploti yenye wapangaji wengi, kwa sababu vifaa vyenu vitakuwa kwenye mtandao mmoja na vya majirani, na mtu mwenye ujuzi kidogo anaweza kuvifikia. Mimi ningeanza kwa kuongea na landilodi, nimuulize kama anakubali mvute laini yenu wenyewe.

Kabla ya hapo, kuna kipimo kimoja. Mwombe landilodi afungue ukurasa wa ruta yake asome anwani ya upande wa WAN, yaani upande unaotazama kampuni ya intaneti. Ikianza na 100, na namba inayofuata ikiwa kati ya 64 na 127, basi kampuni yenyewe inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Mfumo huo unaitwa CGNAT. Hawafanyi hivyo kwa ubaya: anwani za IPv4 zote duniani ni takriban bilioni 4.3 na hazitoshi tena, hivyo safu hiyo ya anwani ilitengwa rasmi mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Ila ukiwa humo, poti zitakazofunguliwa na kijana wa mtaani hazitafika nje kamwe. Ni kampuni pekee inayoweza kukupa anwani ya umma, kwa kawaida kwa ada ya mwezi. Kama wanao wanaingia mechini na kinachokosekana ni sauti tu, waongee kwa simu kupitia programu nyingine ya sauti huku wakicheza. Haigharimu kitu.

Na kijana huyo akikwambia ataiweka konsoli au kompyuta kwenye DMZ, kataa. Hapo anakiacha kifaa wazi kwa intaneti nzima.

Binti yangu, mjukuu wangu anaishi nami hapa South B. Gemu ikimshinda huniambia "Guka, ni kebo ya baharini imekatika." Je, kuna kebo baharini kweli, au ananizungusha ili nimnunulie ile programu ya kupunguza pingi anayoitaka? — Mzee, South B

Mzee wangu, kebo ipo, tena si moja. TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu yetu, na ujumbe ulichukua takriban nusu sekunde kwenda na kurudi. Hakuna gemu ya kasi ingechezeka hivyo.

Na hukatika kweli. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini na Kenya nzima ikaona intaneti ikizorota. Lakini siku za namna hiyo hazijifichi. Hutangazwa na kila mtu hulalamika. Mjukuu akilia peke yake mtaa mzima, si bahari. Usitumie YouTube kama kipimo cha kebo, maana video nyingi hutolewa kwenye hifadhi zilizo hapa hapa nchini na zinaweza kwenda vizuri hata kebo ikiwa imekatika.

Kuhusu programu ya kupunguza pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, chukua kalamu. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi kushuka Mombasa, kupitia Bahari ya Shamu na Misri hadi Ulaya, weka kama kilomita 10,000 kwa makadirio. Hiyo ni milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, kabla hata ya kuhesabu vifaa vya njiani. Anayekuuzia pingi ya 20 hadi seva ya Ulaya anakuuzia kitu kisichowezekana. Programu hizo husaidia pale tu ambapo pakiti zilikuwa zinazungushwa njia ndefu bila sababu, na hilo hutokea, lakini ajaribu toleo la bure kwanza.

Kinachosaidia zaidi ni kuchagua seva iliyo karibu. Counter-Strike 2 na Dota 2 zina seva Afrika Kusini. Fortnite ina eneo la Mashariki ya Kati. Mwambie afungue mipangilio ya gemu yake aangalie sehemu ya eneo: wengi wameachiwa Ulaya na hawajawahi kugusa hapo. Akiona eneo lenye pingi ndogo, achague hilo. Akikosa, basi gemu hiyo ataicheza kwa kuchelewa kidogo, na si kosa lake wala lako.

Fundi, gemu moja tu kwenye simu inakataa kuingia, inasema haiwezi kufikia seva. Nyingine zote ziko sawa. — Mwanafunzi, Roysambu

Angalia saa ya simu kwanza. Tarehe ikiwa si sahihi, simu hukataa kuamini cheti cha usalama cha seva na kuingia kunashindikana. Iweke ijirekebishe yenyewe kutoka kwa mtandao. Saa ikiwa sawa, fungua matangazo ya gemu hiyo uone kama seva zimefungwa kwa matengenezo. Saa mara nyingi huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa 3: wakiandika 02:00 hadi 06:00, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu asubuhi. Subiri wafungue, usifute gemu. Ukiifuta utatumia bando kuipakua upya, na ukikuta akaunti hukuiunganisha na barua pepe, kila ulichoshinda kitakuwa kimepotea.