Cha mvunguni umeshakitoa, unainama nini tena?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mume na baba wa watoto wawili. Nilifanya mtihani wa GRE ili niombe nafasi ya shahada ya uzamili ya sera za umma. Nilipata 166 kwenye hisabati na 165 kwenye lugha, jumla 331, na insha 4.5. Vyuo vitatu ninavyovitaka vimetangaza wastani wa alama za wanafunzi wanaowapokea, na kote mimi niko juu ya wastani. Lakini moyo haujatulia. Najijua, nikikaza kidogo nafika 335 au zaidi. Siku ya mtihani kuna jamaa pembeni yangu alikuwa anakohoa mfululizo, maswali mawili matatu ya hisabati yakanipotea.

Tatizo ni mke wangu. Tangu nimwambie nataka kurudia, amenuna. Anasema imetosha, nitume maombi. Sisemi ni mtu mbaya. Kipindi nasoma alikuwa analala sebuleni na mtoto mdogo anayeota meno ili mimi nipate utulivu chumbani. Ila hana hamu ya maendeleo. Nahisi anaogopa nikisoma sana nitamwacha. Hata kaka yake, ambaye naye alifanya mtihani huu mwaka jana akapata 335, anamuunga mkono dada yake. Ananiambia, "Shemeji, tuma tu." Kwake ni rahisi kusema.

Maombi yanafungwa baada ya wiki saba. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shangazi, nimfanyeje mke wangu anielewe? Nimeshajisajili kurudia wiki tatu zijazo kwa fedha za akiba yetu, ila bado sijamwambia.

Mwenye Kiu ya Elimu

*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa alama zako, na pole kwa kukosa raha nazo. Huruma yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeirudia kuisoma na kila nikiirudia namwona mkeo vizuri zaidi kuliko ninavyokuona wewe.

Umeniuliza umfanyeje. Mkeo hana la kufanywa. Mwenye la kufanywa ni wewe, na nitakufikia.

Kwanza tuumalize mtihani wenyewe, maana huo ndio sehemu nyepesi. Kila upande wa GRE, hisabati na lugha, alama zake zinaanzia 130 na kuishia 170. Jumla haizidi 340. Wewe una 331. Unatafuta pointi nne zaidi, uzigawe pande mbili. Sasa sikiliza: ETS, wenye mtihani wao, huvionya vyuo visimpime mwombaji kwa tofauti ndogo za alama. Wanajua kwamba mtu yule yule, kichwa kile kile, akikaa tena bila kujifunza wala kusahau chochote, alama yake inaweza kupanda au kushuka pointi chache. Kwa maneno mengine, hizo nne unazonyimwa nazo usingizi zinaweza kuja bila jasho, na zinaweza kuondoka hata ukitoka jasho.

Najua utakalonijibu. Utasema, "Shangazi, sina cha kupoteza, alama mbaya siitumi." Hilo ni kweli kwa sehemu. Sheria zao zinakuruhusu kuchagua matokeo ya siku ipi yapelekwe chuoni, na usiyoyachagua chuo hakiyaoni. Lakini yanakwenda ya siku nzima. Ukirudia ukapata 169 ya hisabati halafu lugha ikaanguka hadi 161, huwezi kukata hisabati ya safari hii ukaishonea lugha ya safari ile. Utakuwa na 330 mkononi na utarudi kuituma 331 ile ile uliyoidharau.

Na yule mkohozi mwache apumzike. Hisabati ya GRE inakuja kwa awamu mbili, na ugumu wa awamu ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza. Mtu aliyevurugwa kweli haondoki pale na 166. Ulikosa maswali mawili matatu kwa sababu watu hukosa maswali mawili matatu.

Unachopoteza ni muda, na ajabu mtu wa hisabati kama wewe hesabu hii hukuipiga. Una wiki saba, yaani siku 49. Mtihani ni baada ya siku 21. Matokeo rasmi huchukua siku 8 hadi 10. Toa hapo, zinabaki siku 18 au zaidi kidogo. Ndani ya hizo uandike maelezo ya nia yako kwa vyuo vitatu, uwatafute walimu wako wa zamani wakuandikie barua za mapendekezo, uagize transkripti, yaani rekodi rasmi ya alama zako za chuo, ujaze fomu. Barua yako ndefu hii imetaja alama, wastani, kikohozi, na meno ya mtoto. Haikutaja hata mara moja kwamba umeshaandika sentensi ya kwanza ya maelezo hayo. Haikutaja jina wala kivuli cha mwalimu mmoja aliyekubali kukuandikia.

Hapo ndipo nilipokukamata, mwanangu. Mtihani unaujua. Una dakika zake, 118 kwa jumla, una jibu sahihi na jibu lisilo sahihi, na ukimaliza tu skrini inakuonyesha hisabati na lugha umepata ngapi. Maombi hayako hivyo. Unakaa mbele ya ukurasa mtupu ueleze wewe ni nani na unataka kufanya nini duniani, halafu wageni wanaisoma kwa siri, halafu wanaweza kukwambia hapana bila kukupa sababu. Kurudia mtihani kunakuahirishia hiyo hapana. Wahenga wamesema mchagua jembe si mkulima, nawe umekaa unanoa jembe linalokata tayari huku msimu unakupita.

Na ule usemi wako wa mvunguni nao umeutumia vibaya. Wewe cha mvunguni umeshakitoa, umekishika mkononi, watu wanakiona. Bado umeinama. Mkeo anakwambia simama, unasema hapendi maendeleo.

Tuje kwa shemeji. Ulimtaja kama mpita njia, lakini mimi nikisoma barua hutazama vile vinavyotajwa kwa haraka. Yeye ana 335. Wewe unasema ukikaza utafika "335 au zaidi." Hukusema 334. Hukusema 337. Hukuniambia kuna chuo kinachotaka 335, wala ufadhili unaoanzia hapo, na kama ungekuwepo ungeuweka mstari wa kwanza. Namba hiyo haikutoka kwenye tovuti ya chuo chochote, imetoka ukweni. Halafu hukuniambia kama shemeji anaomba nafasi katika fani gani. Wala mimi sitaki kujua, kwa sababu kamati itakayosoma faili lako haitakuwa na faili lake pembeni. Unashindana na mtu ambaye hayumo kwenye mbio zako, na yeye mwenyewe amekupigia kelele kutoka pembeni kwamba umeshafika, tuma. Ukaona anakukejeli. Mimi naona ana adabu kuliko wewe.

Sasa mkeo. Umesema anaogopa ukisoma sana utamwacha. Amekwambia hivyo? Katika barua nzima neno lake ulilolinukuu ni moja tu, kwamba imetosha, utume maombi. Mwanamke anayeogopa mumewe asiende mbali hamwambii atume maombi. Angekaa kimya akuache urudie mtihani mwaka huu na mwaka ujao, maana mtu anaruhusiwa kuufanya mtihani hadi mara tano ndani ya miezi 12, na katikati ya mmoja na mwingine ni siku 21 tu. Mume wa mtihani haendi popote, yuko chumbani. Huyu anakufungulia mlango utoke na wewe unamshtaki kwamba anakuzuia.

Alilala sebuleni na mtoto anayeota meno. Sijui kama unaelewa ulichoandika. Mtoto anayeota meno analia usiku, na mama yake alichagua alie naye mbali na masikio yako. Kila alfajiri uliyoamka na akili safi ya kupiga hesabu, kuna mtu aliyeamka nayo chafu. Sehemu ya ile 331 ni yake. Alipoiona alidhani mmemaliza. Ukamwambia, kwa tabasamu sijui kwa kununa, kwamba haitoshi, na kwamba arudi sebuleni. Kununa kwake mimi nakuona ni upole.

Niseme na wengine pia, maana huyu si wa kwanza na barua za namna hii zinaongezeka. Ndoa za siku hizi zimepata neno la kumchapia mwenza aliyechoka: "hapendi maendeleo." Ukiomba usaidiwe mtoto, hupendi maendeleo. Ukiuliza fedha imekwenda wapi, unarudisha watu nyuma. Mmoja ndani ya nyumba anakuwa mwenye ndoto na mwingine anakuwa mlinzi wa mlango wa ndoto, anawaambia watoto nyamazeni baba anasoma, nyamazeni mama ana mtihani. Ndiyo, akina mama nanyi mnafanya, msinipigie makofi mapema. Kusaidiana kusoma ni jambo la heri na nyumba nyingi zimeinuka hivyo. Lakini mkataba wa kusaidiana una tarehe ya mwisho. Mnakubaliana: mtihani huu, miezi hii, tukimaliza tunapumua, halafu zamu yako. Anayesogeza tarehe peke yake, akiwa bado amekalia mgongo wa mwenzake, huyo hasomi kwa ajili ya nyumba tena. Na sikuona popote kwenye barua hii zamu ya mama watoto imepangwa lini. Labda naye ana kiu yake. Hukutuambia, na nina wasiwasi hujamuuliza.

Kisha umeniachia bomu mwishoni kama mtu anayeaga: umeshajisajili, kwa fedha za akiba yenu, na hajui. Mwanangu, kumbe hukuniandikia nikushauri. Ulitaka nikupe cheti cha kumwonyesha siku atakapogundua. Sikupi. Kama jambo lingekuwa jema kama unavyolieleza, ungelifanya mbele yake. Akiba ya watu wawili haina mlango wa nyuma.

Nisieleweke vibaya na wasomaji wangu wengine. Asije mtu mwenye 150 ya hisabati anayeomba nafasi ya takwimu au uchumi akasema Shangazi kakataza kurudia. Wewe kasome urudie. Aliyefanya mtihani ana homa, arudie. Ambaye ufadhili anaouomba umeandika kiwango na yeye yuko chini yake, arudie. Ambaye matokeo yake yamepita miaka 5, huyo hana hiari, hayatumiki tena. Na wote kabla ya kulipa senti mkaulize kwanza kama chuo chenu bado kinautaka, kwa sababu programu nyingi ziliacha kuudai kuanzia mwaka 2020, na nyingine hata ukiupeleka hawaufungui.

Lakini wewe Mwenye Kiu uko juu ya wastani kote, kwa maneno yako mwenyewe. Usirudie. Ukikataliwa na vyuo vyote vitatu, hakuna atakayekwambia ni kwa sababu ya pointi nne.

Leo hii futa usajili. Ukifuta siku zisizopungua nne kabla ya mtihani nusu ya ada inarudi, nawe una wiki tatu, kwa hiyo huna kisingizio. Nusu iliyopotea ni ya kwako, uirudishe kwenye akiba kutoka mfukoni mwako. Halafu mwambie mkeo yote, pamoja na kwamba ulijisajili. Usimwambie akiwa amembeba mtoto. Mchukue mtoto wewe kwanza, mtoto alale na wewe sebuleni wiki hii, mama yake alale chumbani na mlango ufungwe. Mchana waandikie walimu wako wa zamani. Usiku mtoto akikuamsha, na atakuamsha, andika maelezo yako ya nia, nusu ukurasa tu kila ukiamshwa.

Rasimu ikikamilika mpelekee shemeji aisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Ndiyo, shemeji wa 335. Ameshapita njia hiyo na anakutakia mema. Akikusahihisha, sema ahsante.

Na mkitaka kuniandikia tena, safari hii kalamu ashike mkeo.