Muulize Shangazi: Joto hili na siku zangu, nitapoaje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 15, nasoma form two hapa Tanga mjini, nakaa Makorora. Nikiingia mwezini kipindi hiki cha joto nateseka jamani, mwili mzima unawaka, jasho linatoka mpaka sketi inaloa kwa nyuma naogopa watu watadhani ni damu, kwahiyo navaa taiti mbili, sketi juu, alafu sweta nafunga kiunoni. Bibi ananikataza maji ya baridi anasema damu itaganda tumboni, na ndimu nisile itakata damu. Usiku ndo silali kabisa. Nifanyeje nipoe?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kaskazi ya huku kwetu, Desemba mpaka Machi, inamtesa hata asiyekuwa na hedhi, manake hewa ya bahari ina unyevu mwingi, jasho linatoka ila halikauki, na jasho lisipokauka halikupozi.

Ila nataka ujue kitu kuhusu mwili wako. Yai likishatoka, kama wiki mbili hivi kabla ya siku zako, joto la mwili linapanda kidogo tu, halifiki hata nyuzi moja, alafu hedhi ikikaribia au ikianza linashuka. Yaani zile siku za kabla ndo unaweza kuhisi joto kuliko kawaida, ukishaanza kublidi mwili wenyewe hauna moto wa ziada. Kinachokuchemsha mwanangu ni hayo unayovaa ili ufiche. Taiti mbili, sketi, sweta, na chini kabisa kuna pedi yenye nailoni, hapo hewa inapita wapi?

Vua taiti zote mbili. Vaa chupi ya pamba inayokukaa sawa, isibane na isilegee, bandika pedi vizuri, juu yake bukta fupi ya pamba ya rangi nzito, basi, alafu sketi. Sweta libaki nyumbani. Najua unaogopa kuvuja, lakini kwa wasichana wengi damu ya hedhi nzima ni kama mililita 30 mpaka 40, vijiko vya chakula viwili au vitatu, na inatoka kwa siku kadhaa sio kwa mara moja. Kinachozuia kuvuja ni kubadilisha pedi mapema, sio kuongeza nguo. Kwa joto hili badilisha kila baada ya masaa manne hivi hata kama haijajaa, ukienda mapumziko nenda nayo mfukoni imefungwa kwenye karatasi, na kama choo cha shule hakina pa kutupia mwambie mwalimu wa malezi, usione haya, wenzio wote wana shida hiyo hiyo. Najua pedi ni hela. Ile kodi ya VAT kwenye pedi iliondolewa 2018 ikarudishwa 2019 na mpaka leo inaniuma. Ukitumia za kufua, suuza kwanza na maji ya baridi damu itoke, kisha sabuni, alafu anika juani, ukiona aibu tandaza juu yake kitambaa chepesi, ila usizifiche chini ya godoro zikiwa mbichi, ndo zinaleta harufu na muwasho.

Mapaja yakichubuka, osha, kausha taratibu, paka mafuta ya mgando kidogo. Poda usiweke huko chini, wala marashi, wala usijifukize udi sehemu za siri, na sabuni iishie nje tu. Oga hata mara tatu kwa siku ukipenda, kuoga hakuzuii damu.

Usiku sasa. Nadhani umetandika nailoni juu ya godoro lisichafuke, wengi tunafundishwa hivyo. Itoe. Kunja khanga kuukuu mara nne uilalie, inanyonya na inapitisha hewa, asubuhi unaifua. Vaa dera jepesi au khanga tu, kabla ya kulala tumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya baridi, na kitambaa kibichi shingoni na kwenye viganja, ukikaa mbele ya pangaboi utaona tofauti hapo hapo. Tumbo likikata, kitu cha moto kinasaidia kweli, na huhitaji kujifunika shuka zima, chupa ya maji ya moto ifunge kwenye kitambaa uiweke chini ya kitovu peke yake huku miguu iko kwenye lile beseni.

Kuhusu bibi, usibishane nae, mjibu kwa adabu, ila maji unayokunywa yanaenda kwenye tumbo la chakula na damu inatoka kwenye mji wa mimba, ni njia mbili tofauti, hayawezi kuigandisha. Kunywa maji, kunywa madafu, kunywa ukwaju. Ndimu nayo haikati damu. Tena machungwa ya Muheza ukila pamoja na mchicha, dagaa au maharage yanausaidia mwili kunyonya madini ya chuma, na wewe unayahitaji hayo. Chai isubiri kidogo baada ya kula.

Ila ukiona pedi inajaa kila saa au masaa mawili, au damu inapita siku saba, au kizunguzungu na moyo kwenda mbio, mwambie mama mwende kituo cha afya. Na ukipata homa ya kutetemeka usiseme ni hedhi, hapa pwani kapime malaria siku hiyo hiyo.

SWALI: Shangazi mimi wa Ngamiani. Ramadhani nikiwa kwenye siku zangu sifungi, lakini naona aibu baba na kaka zangu wakijua, kwahiyo sinywi hata maji mpaka magharibi. Kichwa kinaniuma sana.

JIBU: Kichwa kinauma kwasababu una kiu mwanangu. Umeruhusiwa kula na dini yako yenyewe, siku utazilipa baadae, sasa kwanini ushinde na kiu na joto hili? Heshima ya wanaofunga ipo, usile mbele yao, lakini ongea na mama akuwekee jagi la maji na chakula chumbani kwenu. Shuleni beba chupa yako, kunywa pembeni. Na mama akisoma hapa namuomba asisubiri aombwe, hawa watoto wanaona haya, wewe ndo uanze.

SWALI: Nipo Bagamoyo, naweza kuingia baharini nikiwa kwenye hedhi?

JIBU: Unaweza, haina madhara. Pedi toa kabla ya kuingia, itanyonya maji ivimbe isikusaidie kitu. Chagua siku damu ikishapungua, vaa nguo ya rangi nzito, na uwe na khanga karibu ya kujifunga ukitoka. Alafu usikae na nguo za chumvi, zinachubua, suuza mwili kwa maji ya bomba, vaa chupi kavu na pedi mpya.