Binti wa miaka 16, mpira wa yai na drafti ya AFLW

SWALI: Kocha, habari za kazi. Tunaishi Shepparton, Victoria. Tulifika huku tukitokea kambi ya Nyarugusu. Binti yangu ametimiza miaka 16 mwezi Mei, ana urefu wa sentimita 172. Soka amecheza tangu mdogo, lakini huu mchezo wa Australia wa mpira wa yai ana misimu miwili tu, kwenye klabu ya mtaani. Mbio anazo: mita 2,000 alikimbia kwa dakika 8 na sekunde 20. Shida ni teke. Akipiga, mpira unazunguka kama feni na kwenda pembeni. Kocha wake anasema akirekebisha hilo anaweza kufika kwenye drafti ya AFLW, ligi kuu ya wanawake ya mchezo huu. Hiyo drafti inaendaje, tuna muda gani, na teke tulirekebishe vipi?

JIBU: Baba, nianze na teke, maana ndilo litakaloamua mambo. Wasichana wenye mbio ni wengi kila mwaka. Wanaoweza kukimbia halafu wakafikisha mpira kifuani kwa mwenzao aliye mita 30 mbele ni wachache, na hao ndio wasaka vipaji wanaowaandika majina.

Kosa la binti yako karibu hakika liko mkononi. Kwenye soka mpira uko chini, mchezaji anaujia kwa mshazari, anafungua nyonga na kupiga kwa upande wa ndani wa mguu. Kwenye futi, kama wenyewe wanavyouita mchezo wao, mpira unatoka mkononi, na mguu unafuata tu kile ambacho mkono umeshaamua. Mpira unaozunguka kama feni ni mpira ulioanguka umelala upande, au mguu umepita kwa kuukata badala ya kwenda moja kwa moja.

Mrekodini kwa simu, mara moja kutoka mbele na mara moja kutoka ubavuni, kwa mwendo wa polepole, kisha muangalie mambo matatu. Mkono gani unauacha mpira mwisho? Mpira unaachiwa kwenye kimo gani? Na mguu unapougusa, mpira umesimama au umelala? Wachezaji waliotoka kwenye soka wengi huurusha juu kidogo kwa mikono miwili, kama golikipa anayepiga mpira mrefu. Hapo upepo na bahati ndivyo vinavyopanga utakavyoanguka.

Namna sahihi ni hii, nikichukulia anatumia mguu wa kulia. Mpira usimame wima mikononi, mishono ikitazama mbele, vidole vimetanuliwa pande zote mbili. Aushike mbele ya paja la kulia, usawa wa nyonga, na si katikati ya kifua. Anapokanyaga kwa mguu wa kushoto, mkono wa kushoto uachie kwanza. Wa kulia uusindikize mpira kwenda chini na kuuachia ukiwa bado wima, ncha ya juu ikimwelekea yeye kidogo. Njia ya kuanguka iwe fupi kadiri iwezekanavyo, kwa sababu kila sentimita ya ziada ni nafasi ya mpira kugeuka. Mguu uukute chini, karibu na usawa wa ugoko, kwa sehemu ya juu ya kiatu palipo na kamba, vidole vimenyooshwa na kifundo kimekazwa. Kifundo kikilegea, mpira unapaa bila nguvu. Baada ya kupiga, mguu uendelee kuelekea kwa anayepokea, bila kupinda kuvuka mwili. Mpira uliopigwa vizuri unajiviringisha kinyumenyume, ncha juu ya ncha, na ndiyo maana unakwenda moja kwa moja na kudakika kwa urahisi.

Wiki mbili za kwanza asipige kwa nguvu kabisa. Aanze kwa kudondosha tu: mara 30 kwa kila mkono, mpira uanguke kwenye sakafu ngumu. Ukiangukia ncha yake ukiwa wima, utaruka juu karibu pale pale. Ukirukia pembeni, mkono umeupindisha. Halafu asimame mita 10 kutoka kwa mwenzake, apige nusu nguvu, chini chini, ulenge kifua. Mateke 25 kwa kila mguu, siku nne kwa wiki, na asiende mita 20 mpaka matano kati ya sita yazunguke sawa. Mguu wa kushoto usiachwe. Beki akijua unatumia mguu mmoja, anakufunga upande huo, na mpira unaishia mikononi mwake. Mita 30 kwa mguu wake mzuri ikiwa ya uhakika, ndipo muanze kuongeza nguvu. Msirukie mateke 150 kwa siku: msuli wa mbele ya paja na wa kinena hauvumilii, na wiki tatu za maumivu zitafuta faida yote.

Mnunulie mpira wa ngozi namba 4. AFLW wanatumia namba 4, wanaume namba 5, na yule wa plastiki unadunda tofauti. Ni gharama, najua, lakini mkono unajifunza ukubwa na uzito wa kitu kile unachokishika kila siku.

Mambo mengine ambayo soka halikumpa ni matatu, nayo ni mepesi kuliko teke. Anayekimbia na mpira lazima audundishe au auguse chini angalau mara moja kila mita 15. Ausukume mbele yake ili ncha ya mbele iguse ardhi kwanza, hapo utamrudia. Pasi ya mkono haitupwi: mpira unakaa kwenye kiganja kimoja na unapigwa ngumi kwa mkono wa pili, dole gumba likiwa nje ya ngumi. Akiurusha, mwamuzi anawapa wapinzani mpira. Kisha kuna kudaka. Teke lililosafiri mita 15 au zaidi likidakwa bila kuguswa na mtu, mdakaji anapewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Mikono iufuate mpira mbele ya uso, vidole gumba vikikaribiana. Akisubiri umfikie kifuani, mpinzani ataupangua.

Sasa drafti. Hii si ile ya kete za barazani. Ni siku ambayo klabu zinapokezana kuchagua wachezaji wapya, na klabu iliyomaliza mkiani ndiyo inayotangulia, ingawa klabu zinaweza kubadilishana zamu. Ligi ilianza 2017 na klabu 8, leo ziko 18, na kila moja ina orodha ya wachezaji 30, kwa hiyo nafasi zinazofunguka kila mwaka kwa klabu ni chache. Zamani wachezaji waligawanywa kwa jimbo, lakini tangu drafti ya Desemba 2023 mfumo ni wa kitaifa. Familia iyapime haya mapema: binti wa Shepparton anaweza kuitwa na klabu ya Perth au Brisbane, na aliyechaguliwa kwa kawaida huhama.

Umri unaohesabiwa ni kutimiza miaka 18 kabla ya kwisha kwa tarehe 31 Desemba ya mwaka wa drafti. Yeye amefikisha 16 mwaka huu, basi drafti yake ni ya mwisho wa mwaka wa pili kutoka sasa. Muda upo. Hakuna anayeingia bila kujiandikisha. Mtoto mzuri ambaye fomu yake haikupelekwa hawezi kuitwa. Asipochaguliwa mara ya kwanza, anaweza kujiandikisha tena mwaka unaofuata huku akicheza VFLW, ligi ya wanawake ya Victoria iliyo ngazi moja chini. Klabu huchukua pia wanawake waliokomaa kutoka huko.

Njia ya kumfikisha haipiti kwenye klabu ya mtaani peke yake. Victoria ina ligi ya vipaji ya wasichana chini ya miaka 18, na eneo la Shepparton liko chini ya Murray Bushrangers. Piga simu ofisini kwao, uliza siku za majaribio na kama wana kikosi cha chini ya miaka 16. Kwa kawaida mazoezi ya msimu mpya huanza mwishoni mwa mwaka, hivyo anayesubiri hadi Machi amechelewa. Wanaong'ara huko huitwa Vic Country, timu ya Victoria ya nje ya jiji, kwenye mashindano ya kitaifa ya chini ya 18. Wasaka vipaji wa klabu zote 18 hukaa pale na daftari zao.

Katika mwaka wa drafti kuna siku za vipimo, na mwaliko unategemea klabu zilivyovutiwa naye. Hupimwa mbio za mita 20 kwa saa za kielektroniki, mbio za kupenya kati ya nguzo, kuruka ukiwa umesimama, kuruka kwa mguu mmoja baada ya kukimbia, na mita 2,000. Kwa makadirio ya kikazi, kwa wasichana wa umri huo sekunde 3.3 kwa mita 20 ni nzuri na 3.1 inageuza vichwa. Kwa mita 2,000, dakika 7 na nusu inaheshimika na inayokaribia 7 inajitokeza.

Dakika 8:20 ni sekunde 100 kwa kila mzunguko wa mita 400. Dakika 7:30 ni sekunde 90. Kazi ni kupunguza sekunde 10 kwa mzunguko, na miezi sita hadi minane inatosha. Siku moja kwa wiki akimbie mita 400 mara sita, kila moja kwa sekunde 92 hadi 94, akipumzika dakika moja na nusu. Siku nyingine mita 200 mara kumi kwa sekunde 43 au 44, mapumziko sekunde 45. Kosa la wengi ni kutoka mbio mzunguko wa kwanza kwa sekunde 80 na kufa mzunguko wa nne. Mwanzo wa sekunde 88 au 89 unatosha.

Kimo chake hakimzuii. Nafasi ya kuruka kugombea mpira katikati huwaendea walio juu ya sentimita 180, lakini yeye, mwenye mbio na jicho la soka la kuona nafasi, angefaa pembeni mwa uwanja au safu ya nyuma inayoanzisha mashambulizi. Upande mmoja huwa na wachezaji 16 kwa AFLW, si 18 kama wanaume, hivyo nafasi za wazi ni nyingi na mwenye mapafu anaonekana. Na kuchelewa kuanza hakumfungii mtu mlango: Akec Makur Chuot, aliyepitia kambi ya Kakuma nchini Kenya, alicheza Fremantle msimu wa kwanza wa 2017, na baadaye Richmond na Hawthorn. Cora Staunton wa Ireland alitoka kwenye futboli ya Kigaeli na kujiunga na Greater Western Sydney akiwa amepita miaka 30.

Kabla ya yote hayo, linda magoti yake. Wanawake hukatika kano ya mbele ndani ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi hakuna aliyewagusa: ni kutua au kugeuka ghafla. AFL, chombo kinachosimamia mchezo huu Australia, kina mpango wa mazoezi ya kujikinga unaoitwa Prep to Play. Kocha wa klabu anaweza kuutumia kama kupasha moto misuli, angalau mara mbili kwa wiki. Unafundisha kutua kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa na yasiingie ndani, kukabiliana na wapinzani, na kuanguka bila kujiumiza. Hili la mwisho ni la lazima kwake, maana kwenye soka hajawahi kukamatwa kiunoni na kuangushwa. Na akigongwa kichwa hadi kupata mtikisiko wa ubongo, kwa ngazi ya mtaani muda wa chini wa kurudi mechini ni siku 21. Mwambie mapema asifiche maumivu ya kichwa hata kama wasaka vipaji wanakuja Jumamosi hiyo.