Ukipita Brussels kwa mara nyingine

Ukiwa na saa saba au nane za kusubiri ndege Brussels, na mji wenyewe ulishauona zamani, usirudie mzunguko ule ule wa picha. Kile kisanamu cha mtoto anayekojoa kimo kwenye simu yako tayari, na hakijakua. Chagua sehemu mbili tu, zitazame vizuri, urudi uwanjani.

Viza kwanza. Wenye pasipoti za Afrika Mashariki hatutoki nje ya uwanja bila viza ya Schengen. Kama ni ya kuingia mara moja na ukaitumia wakati wa kwenda, wakati wa kurudi utabaki kwenye viti vya uwanjani. Mabegi makubwa yapelekwe moja kwa moja hadi mwisho wa safari. Treni iko chini ya uwanja wenyewe, na stesheni ya Bruxelles-Central, katikati ya mji, unafika kwa kama dakika 20. Tiketi ya kurudi usiitupe ukishapanda, maana mageti ya kituo cha uwanjani hayafunguki bila hiyo.

Kutoka stesheni hadi Grand-Place, kiwanja kikuu cha kale cha mji, ni dakika chache kwa miguu. Nenda asubuhi, makundi ya watalii hayajajaa. Mara ya kwanza macho yote huishia kwenye dhahabu ya kuta. Safari hii tazama nyumba moja moja. Nyingi ni za miaka ya 1690, kwa sababu Agosti 1695 jeshi la Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa liliupiga mji mizinga hadi pale pakabaki vifusi. Mnara wa ukumbi wa jiji, wenye mita 96, ndio uliokuwa ukilengwa, na ndio uliosalimika! Vyama vya mafundi na wafanyabiashara vikajenga upya kwa miaka michache, kila kimoja kikitaka kumzidi jirani. Itafute Le Cornet, nyumba ya chama cha mabaharia wa mtoni: juu kabisa, upande wa mbele, imechongwa kama tezi ya jahazi, yaani sehemu yake ya nyuma, na madirisha yake yote. Mtu wa pwani ataitambua kabla hajasoma kibao.

Halafu panda kilima hadi Porte de Namur, uingie Matonge, mtaa uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Saluni za kusuka, vitenge, pondu (kisamvu) na samaki. Kinachosikika zaidi ni Kilingala na Kifaransa, ila ukitega sikio hukosi Kiswahili cha Bukavu. Mimi chakula cha mchana nakula hapa, si kule kwenye mikahawa ya Grand-Place inayokuuzia mandhari. Mlangoni mwa mtaa pana kiwanja cha wazi chenye jina la Patrice Lumumba, kilichozinduliwa 30 Juni 2018, siku ya uhuru wa Kongo. Usitarajie mnara mkubwa. Simama tu usome kibao.

Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, nje kidogo ya mji, yaache kama huna saa kumi na zaidi. Ukiwa nazo, panda tramu namba 44 kutoka kituo cha Montgomery, na ukishatoka makumbusho pitia kanisani: hapo wamezikwa Wakongo saba kati ya 267 walioletwa na kuonyeshwa kwa watazamaji kwenye maonyesho ya mwaka 1897. Jumatatu makumbusho hufungwa.